Fundi Viatu Aliyetazama Mbele: Maisha ya William Carey

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mit. 4:25–27, Mit. 6:6–8, Hab. 2:2, 3; Lk. 14:28–30; Zek. 4:10, 1 Tim. 5:8; Yer. 36:21–32, Gal. 6:9.

Fungu la Kukariri: Wafilipi 3:13, 14. Lisome katika Biblia yako kila asubuhi juma hili, na Sabato ijayo uliseme mbele ya darasa bila kutazama.

Watu wengi huuanza mwaka wakiwa na mipango mizuri. Mmoja ameazimia kusoma Biblia yote. Mwingine anataka kurudi shule aliyoiacha, mwingine kumaliza deni, mwingine kuendeleza nyumba ambayo msingi wake umekwisha kuota nyasi. Ukiwauliza ifikapo mwezi wa sita, ni wachache walio bado njiani. Mara nyingi lengo lenyewe halikuwa baya. Kilichokosekana ni nia iliyozoezwa kukaa mahali pamoja siku baada ya siku, hata pale ambapo hakuna anayeona wala kusifu.

Juma hili tutajifunza jambo hilo kutoka katika maisha ya William Carey, fundi viatu wa Uingereza aliyekwenda India mwaka 1793 na kufanya kazi huko mpaka kufa kwake mwaka 1834. Wengi humwita baba wa utume wa nyakati zetu. Yeye mwenyewe hakujihesabu kuwa mtu mwenye akili nyingi. Alimwambia mtoto wa ndugu yake kwamba, kama mtu angeandika habari zake, sifa moja tu ingemtosha: kwamba aliweza kuendelea na kazi polepole bila kuiacha.

Tutaona jinsi alivyoizoeza akili yake tangu ujana. Tutaona pia gharama ya lengo lake, na kwamba sehemu ya gharama hiyo ililipwa na watu ambao hawakulichagua. Hatujifunzi habari zake ili tumtukuze mtu. Tunataka kujipima na kuuliza jinsi sisi nasi tunavyotumia siku tulizopewa.

JUMAPILI

Benchi la Fundi Viatu

*Soma Mithali 6:6–8 na Luka 16:10. Kazi ndogo za kila siku humwandaaje mtu kwa kazi kubwa ambayo bado hajaiona?*

William Carey alizaliwa tarehe 17 Agosti 1761 katika kijiji cha Paulerspury, Northamptonshire. Baba yake, Edmund, alikuwa mfumaji wa nguo, na baadaye akawa mwalimu wa shule ya kijiji. Kijana William alipenda mimea, ndege na wadudu, akavikusanya na kuvichunguza. Alitamani kazi za shambani, lakini ngozi yake haikuvumilia jua. Kwa sababu hiyo wazazi wake wakampeleka kijiji cha Piddington kujifunza ufundi wa viatu.

Hapo penye ngozi na nyundo ndipo shule yake ya kweli ilipoanzia. Miongoni mwa vitabu vya bwana wake alikuta kitabu cha ufafanuzi wa Agano Jipya, chenye maneno ya herufi asizozijua. Yalikuwa maneno ya Kiyunani. Wengi wetu tungefungua ukurasa mwingine. Carey aliziandika herufi zile kwenye karatasi, na alipokwenda kuwaona wazazi wake akampelekea mfumaji mmoja wa kijijini kwao aliyekuwa na elimu, amweleze maana yake. Akarudi kazini, akaendelea. Baada ya Kiyunani akajifunza Kilatini na Kiebrania, kisha Kiholanzi, Kifaransa na Kiitaliano.

Maisha hayakumrahisishia. Mwaka 1781, akiwa na umri wa miaka kama ishirini, alimwoa Dorothy Plackett. Mtoto wao wa kwanza, binti, alifariki akiwa bado mdogo kwa homa, na Carey mwenyewe aliugua sana. Umaskini wao ulifikia mahali ambapo ndugu yake mdogo na watu wa kijiji waliwachangia ili wapate kuishi. Hata hivyo kitabu kilikuwa karibu naye wakati wa kazi. Baadaye alipokuwa mchungaji wa kanisa dogo la Moulton, aliendelea kushona viatu na kufundisha watoto, maana mshahara wa kanisa haukutosha kulisha familia.

Tuangalie njia aliyoitumia. Hakusubiri apate nafasi ya kusoma siku nzima. Alichukua sehemu ndogo aliyoiweza, akaifanya, na kesho yake akachukua nyingine. Ndivyo mchwa anavyojenga kichuguu. Lugha mpya haishikwi kwa usiku mmoja wa bidii, wala Biblia haimalizwi kwa Sabato moja ya mfungo. Akili huzoea kile inachopewa mara kwa mara. Ukiipa nusu saa ya kusoma kila siku kwa wakati uleule, baada ya muda itaanza kukudai nusu saa hiyo. Ukiipa nusu saa ya kupekua simu, itakudai hiyo pia.

*Ni wakati gani katika siku yako unaopotea bila wewe kujua ulikwenda wapi? Ungeweza kuutumia kwa jambo gani dogo ambalo lingekusaidia baada ya miaka mitano?*

JUMATATU

Ramani Ukutani

*Soma Habakuki 2:2, 3 na Mithali 4:25–27. Kwa nini lengo linahitaji kuandikwa na kuwekwa mahali linapoonekana?*

Akiwa Moulton, Carey alisoma habari za safari za baharini za Nahodha James Cook. Alianza kufikiri juu ya visiwa na nchi ambazo watu wake walikuwa hawajasikia Injili. Mawazo kama hayo humjia mtu na kupita. Ili yasipite, Carey alibandika karatasi pamoja akatengeneza ramani kubwa ya dunia, akaitundika ukutani. Juu ya kila nchi aliandika aliyoyapata vitabuni: idadi ya watu, dini yao, hali ya nchi yao. Aliposhona kiatu, ramani ilikuwa mbele yake. Aliwaombea watu wale kwa majina ya nchi zao.

Mwaka 1789 alihamia kanisa la Leicester. Katika barua aliyomwandikia baba yake alieleza jinsi alivyoligawa juma. Jumatatu ilikuwa ya lugha, na alijilazimisha kutafsiri kitu fulani kila mara. Jumanne ilikuwa ya sayansi, historia na uandishi. Jumatano alifundisha kanisani, na kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa akipitia kitabu cha Ufunuo. Alhamisi aliwatembelea watu. Siku mbili zilizofuata aliandaa mahubiri. Juu ya hayo alikuwa pia na shule ya watoto. Mpango huo haukuwa wa ajabu. Hata hivyo ulimwondolea mzigo wa kujiuliza kila asubuhi leo nifanye nini, na nguvu ambayo ingeishia katika kuamua ikaenda katika kutenda.

Wachungaji wengi wa siku zile hawakuona kwamba agizo la Mathayo 28 liliwahusu wao. Mwaka 1792 Carey alichapisha kijitabu akionyesha kwamba agizo hilo lingali na nguvu. Yale yaliyokuwa juu ya ramani sasa yaliingia kitabuni katika majedwali: nchi, ukubwa wake, watu wake na dini zao. Mwaka huohuo alihubiri huko Nottingham kutoka Isaya 54, na tarehe 2 Oktoba kundi dogo la wachungaji likakutana Kettering, katika nyumba ya mjane mmoja, likaunda chama cha utume. Ahadi za fedha siku ile zilikuwa pauni 13, shilingi 2 na peni 6.

Kiasi hicho kilikuwa kidogo sana mbele ya ukubwa wa kazi. *Soma Zekaria 4:10.* Lakini wale ndugu hawakuwa wanaanza siku ile. Mmoja wao alikuwa ameitazama ramani kwa miaka, akajifunza lugha na kukusanya hesabu. Nafasi ilipopatikana, ilimkuta tayari.

*Kama mgeni angeingia nyumbani kwako, angeona kitu gani cha kumwonyesha lengo la maisha yako ni nini?*

JUMANNE

Miaka Saba Bila Mavuno

*Soma Wagalatia 6:9 na Yakobo 5:7, 8. Mkulima anajua nini ambacho mtu mwenye haraka hakijui?*

Tarehe 13 Juni 1793 Carey na familia yake waliondoka Uingereza kwa meli ya Denmark, pamoja na daktari John Thomas, aliyekuwa amewahi kuishi Bengal. Safari ilichukua takriban miezi mitano. Humo melini Carey alianza kujifunza Kibengali kutoka kwa Thomas. Walifika Calcutta, mji unaoitwa Kolkata leo, mwezi Novemba.

Fedha ziliisha mapema. Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, iliyotawala eneo lile, haikuwataka wamishonari. Familia ilihamahama, ikaishi kwa muda katika nchi ya mabwawa ya Sundarbans, hata katikati ya mwaka 1794 Carey akapata kazi ya kusimamia kiwanda cha nili huko Mudnabati. Hapa tunakutana na jaribu linalowapata wengi: kazi ya kuganga njaa inapochukua nafasi ya lengo. Mshahara ulikuwa mzuri, naye angeweza kuwa msimamizi wa nili na kustaafu hivyo. Badala yake aliutumia mshahara kwa tafsiri, na safari za kazi akazitumia kuhubiri vijijini. Asubuhi na jioni aliketi na mwalimu wake, Ram Ram Basu, akijifunza Kibengali na kutafsiri Agano Jipya. Pia alianza Kisanskriti, kwa kuwa aliona lugha hiyo ingemfungulia mlango wa lugha nyingine nyingi za India.

Miaka ilipita. Alihubiri, wakamsikiliza, wakaenda zao. Hakuna Mhindi hata mmoja aliyebatizwa. Marafiki kule Uingereza walisubiri habari njema, naye hakuwa nazo.

Mwanzoni mwa mwaka 1800 alihamia Serampore, mji uliokuwa chini ya Wadenmark, ambako Kampuni haikuwa na amri. Huko aliungana na wamishonari wapya, William Ward aliyekuwa mchapaji, na mwalimu Joshua Marshman pamoja na mkewe Hannah. Mtambo wa kupigia chapa ukafungwa. Mwishoni mwa mwaka ule, seremala mmoja aitwaye Krishna Pal aliteguka mkono. Daktari Thomas akaurudisha mahali pake, na katika mazungumzo yao Krishna Pal akaipokea Injili. Tarehe 28 Desemba 1800 Carey alimbatiza mtoni. Ilikuwa imepita miaka saba. Miezi michache baadaye, mwaka 1801, Agano Jipya la Kibengali likatoka katika mtambo.

Kumbuka mambo mawili. Kwanza, njia za Carey zilibadilika mara nyingi: meli, mabwawa, kiwanda, mji wa Wadenmark. Lengo halikubadilika. Mtu asiyetofautisha njia na lengo hukata tamaa njia moja inapoziba. Pili, katika miaka ile saba hakupima kazi yake kwa mavuno peke yake. Aliipima pia kwa kurasa zilizotafsiriwa na maneno yaliyoeleweka. Hayo yalikuwa mkononi mwake. Mavuno hayakuwa.

*Katika lengo lako, ni sehemu gani iliyo mkononi mwako leo, na ni sehemu gani unayopaswa kumwachia Mungu?*

JUMATANO

Gharama Iliyolipwa na Wengine

*Soma Luka 14:28–30, 1 Timotheo 5:8, Waefeso 5:25. Unapohesabu gharama ya lengo lako, je, umewahesabu na watu wa nyumbani mwako?*

Somo hili lingekuwa pungufu kama tungesimulia ushindi tu. Dorothy Carey hakuomba kwenda India. Alipoolewa alikuwa mke wa fundi viatu wa kijijini, asiyejua hata kuandika jina lake. Mwaka 1793 mumewe alipomwambia wasafiri, alikataa. Alikuwa mja mzito, na hakuwahi kukaa mbali na ndugu zake. Carey aliamua kutangulia na mwana wao mkubwa, Felix. Safari ya kwanza ilikwama, na mtoto akazaliwa wakati huo. Ndipo Carey na Thomas wakarudi nyumbani kumsihi tena, na kwa haraka akakubali, kwa sharti kwamba dada yake afuatane naye.

Huko India aliugua tangu mwanzo. Katika mwaka 1794 mwana wao Peter, mwenye umri wa miaka mitano, alifariki kwa maradhi. Baada ya hapo akili ya Dorothy ilivunjika. Alimshuku mumewe kwa mambo yasiyokuwapo, akamfuata akimlaumu mbele ya watu, na mara nyingine ilibidi afungiwe chumbani. Carey alikataa kumpeleka mahali pa kutunzia wenye ugonjwa wa akili, akahofia jinsi wangemtendea. Alitafsiri Maandiko huku mkewe akipaza sauti katika chumba cha pili. Hali hiyo iliendelea kwa miaka kama kumi na miwili, hata Dorothy akafariki mwezi Desemba 1807.

Watoto nao waliachwa kwa sehemu kubwa wajilee. Familia ya Marshman ilipofika Serampore, Hannah aliwakuta wavulana wa Carey hawana adabu wala uangalizi. Yeye na William Ward ndio waliowachukua, wakawaonya, wakawapenda na kuwaelekeza. Watoto hao baadaye walifanya kazi njema, na sifa kwa sehemu kubwa ni ya watu wale wawili.

Tuseme nini basi? Wapo wanaosema kwamba kazi ya Mungu huhalalisha yote hayo. Wapo wanaosema kwamba heri Carey angebaki kwao akashona viatu. Biblia haituruhusu kuwa wepesi upande wowote. Ibrahimu aliitwa atoke, na Sara akatoka naye. Lakini mtume yuleyule aliyetufundisha kukaza mwendo ndiye aliyeandika kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Elimu ya siku zile haikujua mengi juu ya ugonjwa wa akili, na Carey hakumtupa mkewe. Hata hivyo ni wazi kwamba mtu anaweza kuizoeza akili yake itazame mbali mpaka asimwone aliye karibu.

Kwa hiyo lengo lolote la miaka mingi, liwe shahada, biashara au huduma kanisani, lizungumzwe nyumbani kabla ya kutangazwa nje. Mke au mume aulizwe, na jibu lake lisikilizwe, hata kama litachelewesha safari. Mzee wa kanisa anayelala kila usiku kwenye vikao ahesabu pia jioni ambazo watoto wake walikula bila yeye.

*Je, kuna mtu nyumbani kwako anayelipa gharama ya lengo lako bila kuulizwa? Utazungumza naye lini?*

ALHAMISI

Kuanza Tena Baada ya Moto

*Soma Yeremia 36:21–32. Yeremia na Baruku walifanya nini baada ya gombo lao kuteketezwa?*

Kufikia mwaka 1812 kazi ya Serampore ilikuwa imepanuka sana. Tangu mwaka 1801 Carey alifundisha Kibengali, na baadaye Kisanskriti na Kimarathi, katika Chuo cha Fort William huko Calcutta. Sehemu kubwa ya mshahara wake iliingia katika mfuko wa kazi. Alifanya kazi na wanazuoni wengi wa Kihindi, ambao pasipo wao tafsiri zile zisingewezekana. Siku yake ilianza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kwa sura ya Biblia ya Kiebrania na maombi, ikapita katika madarasa, tafsiri na masahihisho ya kurasa, ikamalizika usiku kwa sura ya Agano Jipya la Kiyunani.

Jioni ya tarehe 11 Machi 1812 moto ulishika kiwanda cha uchapaji. Carey alikuwa Calcutta. Marshman alimpelekea habari asubuhi yake. Karatasi zilizotoka Uingereza zilikuwa zimeteketea, na herufi za lugha nyingi zilikuwa zimeyeyuka. Kilichouma zaidi ni maandiko ya mkono: tafsiri, vitabu vya sarufi, na kamusi kubwa ya lugha za India aliyoishughulikia kwa miaka. Hakukuwa na nakala nyingine.

Carey alilia. Kisha akarudi Serampore, akatembea juu ya majivu pamoja na wenzake, wakatazama kilichobaki. Mitambo ilikuwa imesalimika. Mihuri ya chuma ya kutengenezea herufi ilipatikana katika kifusi. Mara wakaanza kuyeyusha madini yaliyoharibika na kusubu herufi upya. Carey aliketi tena mezani, akaona kwamba njia aliyokwisha kuipita mara moja haimchoshi kama mara ya kwanza, na kwamba kazi ya pili inaweza kuwa bora. Tafsiri zilirudi. Kamusi ile kubwa haikukamilika tena. Si kila kinachopotea hurudishwa, na kuzoeza nia ni pamoja na kujifunza kuacha kile kisichorudi ili mikono iwe huru kwa kilicho mbele.

Jambo lingine linatuonyesha urefu wa subira yake. Mwaka 1799 alishuhudia mjane akichomwa akiwa hai juu ya maiti ya mumewe, kama desturi ya baadhi ya watu ilivyokuwa. Aliwasihi waache, hawakumsikia. Tangu siku ile alikusanya habari, akaandika na kuwasihi watawala. Wahindi wenyewe, kama Ram Mohan Roy, nao walipigania jambo hilohilo. Mwezi Desemba 1829 gavana mkuu aliipiga marufuku desturi hiyo, na hati ikapelekwa kwa Carey aitafsiri kwa Kibengali. Ilimfikia siku aliyotakiwa kuhubiri. Aliona kwamba kila saa ya kuchelewa ingeweza kugharimu uhai wa mjane mwingine, akamwomba mtu mwingine ahubiri, akaketi na mwanazuoni wake mpaka tafsiri ikamalizika siku ileile. Ilikuwa imepita miaka thelathini.

*Soma tena Wafilipi 3:13, 14. Ni hasara gani ya zamani ambayo bado inakuzuia kuanza tena?*

IJUMAA

Jifunze Zaidi

William Carey alifariki Serampore tarehe 9 Juni 1834, akiwa na umri wa miaka 72. Tangu alipoondoka mwaka 1793 hakurudi Uingereza hata mara moja. Yeye na wenzake walikuwa wametoa Biblia nzima katika lugha sita, zikiwamo Kibengali, Kisanskriti na Kimarathi, na sehemu za Maandiko katika lugha nyingine nyingi. Baadhi ya tafsiri hizo zilikuwa na kasoro, na wengine baada yao walizirekebisha au kuzifanya upya. Chuo cha Serampore, walichokianzisha mwaka 1818, kingali kinafundisha hadi leo. Na yule kijana aliyekatazwa jua kwa sababu ya ngozi yake alitunza bustani ya mimea iliyojulikana India yote.

Hakuyafanya hayo peke yake. Dada yake Mary, aliyepooza na kulala kitandani kwa miaka mingi huko Uingereza, alimwombea bila kuchoka. Ndugu wa Serampore walikutana kila Jumamosi jioni ili kusema wazi kama mmoja amemkosea mwenzake, wakasameheana kabla ya juma jipya. *Soma Mhubiri 4:9–12.* Lengo la miaka mingi likibebwa na mtu mmoja tu, mtu huyo huchoka au huwa mkali. Kuwa na wenzako wa kukuombea, kukukumbusha na kukuonya ni sehemu ya kuizoeza nia.

Katika maombi ya leo, mwambie Bwana lengo moja tu. Liandike kwenye karatasi. Chini yake andika sehemu ndogo utakayoifanya kila siku, saa utakayoifanya, na jina la mtu mmoja utakayemwomba akuulize juu yake baada ya miezi mitatu.

Maswali ya Kujadili:

1. Carey alitumia kazi ya viatu na baadaye kazi ya nili bila kuliacha lengo lake. Linganisha na Paulo katika Matendo 18:1–4. Je, ni wakati gani kazi ya kutafuta riziki husaidia lengo, na ni wakati gani hulimeza? Darasa litoe mifano ya kazi zinazofanywa na washiriki wake.

2. Mshiriki mmoja anasema kwamba kupanga miaka kumi mbele ni kukosa imani, kwa kuwa hatujui ya kesho. Someni Yakobo 4:13–15 na Mithali 21:5. Mtamjibu nini?

3. Jadilini habari za Dorothy Carey kwa upole. Kanisa lenu linawasaidiaje wenzi na watoto wa wale wanaobeba kazi nyingi kanisani? Linawasaidiaje wenye ugonjwa wa akili na wale wanaowatunza?

4. Kuna tofauti gani kati ya kuvumilia katika lengo jema na kung'ang'ania jambo ambalo Mungu amelifunga? Ni dalili zipi zinaweza kutusaidia kutambua?

5. Kila mmoja afikirie jambo aliloliacha katikati kati ya mwaka jana na mwaka huu. Je, liliachwa kwa sababu halikufaa, au kwa sababu sehemu ya kila siku haikupangwa? Wanaopenda wawashirikishe wenzao, kisha darasa liombe pamoja.